Uliza Fundi: Kabla ya kadi, niambie una skrini gani

Mwezi huu mmeniandikia mno kuhusu kadi za grafiki, kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora picha za gemu, nadhani ni likizo tu, madogo wako nyumbani na kompyuta ya baba imeshageuka uwanja wa mpira. Nimechukua barua tano, wengine wote mtajikuta humo humo. Na jamani punguzeni kunitumia picha ya boksi la kadi halafu mnauliza "hii kali?" maana mimi siwezi kujibu hilo, kadi kali kwa skrini ipi na kwenye boksi lipi? Tuanze.

SWALI: Bro mambo vipi. Nina ka-Dell OptiPlex kale kembamba ka ofisini, i5 ya kizazi cha 6, RAM 8, nilikachukua mtumba Kariakoo. Skrini ni inchi 22 ya 1080p, 60Hz. Nacheza GTA V kwa tabu, inastaki kila nikiingia mjini, na nataka siku moja nigonge Red Dead 2 na Cyberpunk. Nimejichanga nina laki tano. Washkaji wanasema nivumilie nikusanye zaidi nichukue RTX 3060, na kuna fundi kaniambia pawasaplai isinitishe, adapta zipo. Nifanyeje? (Dogo wa Mbagala)

JIBU: Poa mdogo wangu. Umeniandikia skrini yako bila kuulizwa, ndio maana barua yako imetangulia.

1080p ni vidoti 1920 kwa 1080, ukizidisha unapata 2,073,600. Skrini yako inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde basi, kwa hiyo kadi ikikupa fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, zilizonyooka umemaliza, ikikupa 110 hizo 50 za juu huzioni, unasikia feni tu na luku inakimbia. Kwa hiyo kwako wewe swali ni kadi gani itafikisha 60 bila kuyumba, na hapo washkaji zako hawajakosea sana, RTX 3060 ni kadi nzuri kwa 1080p na kwa Cyberpunk isingekaa bure. Shida iko kwenye boksi lako.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu uangalie ndani na mimi. Kona moja kuna pawasaplai, kile kigawa umeme, ndogo ya bati, ina stika, isome: kwenye hivi viboksi vyembamba vya Dell na HP mara nyingi utakuta wati 180, 200, 240, ukiwa na bahati 255. Sasa fuata nyaya zinazotoka humo, hesabu. Moja inaenda kwenye mazabodi, ile bodi kuu, nyingine kwa prosesa, nyingine diski na kile kisoma CD. Ule waya wa kadi wenye matundu 6 au 8 hamna, haujakatwa, haukuwekwa tangu kiwandani kwa sababu mashine ilitengenezwa ifungue Excel. RTX 3060 inakula wati 170 peke yake. Na hata ukitatua umeme, haiingii: kile kibati cha kadi ya kawaida kina urefu wa sentimita 12, mlango wa boksi lako unapokea kibati kifupi cha sentimita 8. Utafika nayo nyumbani, uiweke juu ya meza uitazame.

Kuhusu adapta sasa, hapa nakaa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe yamenikuta. Miaka kadhaa nyuma nilichukua RX 570 ya mtumba nikaifunga kwenye mashine ya ofisi, mnara mkubwa kidogo kuliko wako, haukuwa na waya wa kadi. Dukani wakanipa kiadapta, upande mmoja unachomeka kwenye waya wa SATA ule wa diski, upande wa pili unakuwa matundu ya kadi, elfu chache tu, nikaona hawa jamaa wanajua maisha. Siku mbili safi kabisa. Siku ya tatu niko katikati ya mechi nikasikia harufu kama mtu anachoma sahani ya plastiki, nikadhani jirani anachoma takataka, kumbe ni mimi. Skrini ikawa nyeusi. Nilipofungua, kile kichwa cha SATA kilikuwa cha kahawia, laini kama jojo, kimeshikana na mwenzake nikashindwa kuvitenganisha. Hesabu yake ni hii: waya wa SATA upande wa volti 12 umetengenezwa upitishe ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la matundu 6 lina ruhusa ya kuvuta wati 75, la matundu 8 wati 150. Unalazimisha bomba la bustani lijaze tangi la zimamoto. Kadi ilipona, sijui kwa dua za nani, pawasaplai ilikufa pale pale. Kwa hiyo huyo fundi mwambie ahsante, halafu usirudi.

Sasa kinachokufaa. Tundu refu la kadi kwenye mazabodi lenyewe linaruhusiwa kutoa mpaka wati 75, kwa hiyo tafuta kadi inayoishi kwa hizo bila waya wa nje, na iwe ya kibati kifupi. Ziko tatu za kuulizia. GTX 1050 Ti ya 2016, memori 4GB, imezeeka, ichukue bei ikiwa ya kutupa tu. GTX 1650 ya 2019, 4GB, wati 75, hii ndio ningekutuma uitafute kwanza kwa hela yako. Halafu RTX 3050 ya 6GB, ile iliyotoka Februari 2024, wati 70, hii inazipita zote na ina ile DLSS ya kupandisha picha, yaani inachora kwa vidoti vichache halafu inaikuza, ila sikiliza vizuri neno "6GB". Kuna RTX 3050 nyingine ya 8GB iliyotangulia 2022, inakula 130 na inataka waya. Jina moja, kadi mbili. Muuzaji akikwambia "ni ile ile tu" jua kachoka au anakuona umekuja na daladala. Hakikisha pia kama hiyo unayopewa unene wake unachukua nafasi moja au mbili, pima ndani na rula kabla hujaenda mjini, maana boksi jembamba halina huruma hata ya sentimita moja.

Bei sikuandikii kwa sababu gazeti likitoka zitakuwa zimeshabadilika, lakini usimalize laki tano yote kwenye kadi. Bakisha ya kijiti cha RAM. Umesema una RAM 8, kama ni kijiti kimoja ongeza cha pili cha 8 kinachofanana nacho, viwili vinafanya kazi kwa pamoja na ule mkwamo wa kuingia mjini unapungua, tena saa hizi ambapo unatumia grafiki za ndani ya prosesa hiyo RAM inagawanwa na picha pia. Kama gemu liko kwenye diski ya kuzunguka hamishia SSD, barabara za GTA zinasomwa kutoka kwenye diski huku unakimbiza gari, diski ikichelewa jengo linachelewa.

Utegemee nini? GTA V itakuwa tamu, eFootball na Valorant hutakuwa na neno. Red Dead 2 shusha setingi, itakwenda. Cyberpunk itacheza kwa setingi za chini ukiwasha FSR, kitu cha aina ya DLSS, ambayo ni ya AMD (wenye kadi za RX) lakini inakubali hata kadi za NVIDIA (wenye GTX na RTX) za zamani, ila prosesa yako ina kora nne tu bila nyuzi za ziada na sokoni kwenye watu wengi itahema. Hiyo hata RTX 3060 isingekuponya.

SWALI: Habari fundi. Nilikuwa na monita ya 60Hz, nikabadilisha nikachukua ya 144Hz inchi 24, 1080p. Kadi yangu ni GTX 1660 Super. Nacheza Valorant na CS2. Kusema ukweli sioni tofauti yoyote, najihisi nimepigwa. Nibadilishe kadi? (Dada wa Area C, Dodoma)

JIBU: Dada usibadilishe kitu, hujapigwa bado. Nenda kwenye setingi za Windows, ingia kwenye display, chini kabisa kuna advanced display, angalia namba iliyoandikwa pale. Nina dau la soda imeandikwa 60. Windows haikurupuki yenyewe kukupandishia, lazima uchague 144 mwenyewe kwa mkono.

Kama 144 haimo kabisa kwenye orodha, geukia waya. Monita nyingi za bei yetu tundu lake la HDMI ni la toleo la zamani linaloishia 120 au hata chini ya hapo, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi inapatikana kwenye DisplayPort, lile tundu lenye kona moja iliyokatwa. Waya wake mara nyingi uko ndani ya boksi la monita, umefungwa kwenye nailoni, watu wanauacha hapo wanachukua HDMI waliyoizoea. Na samahani kwa swali hili lakini lazima niulize, waya umechomeka kwenye kadi yenyewe kule chini au juu kwenye mazabodi karibu na matundu ya USB? Usicheke. Mwaka jana mtu mzima kabisa aliniletea mashine yake akisema kadi ni mbovu tangu ainunue, miezi minne jamaa anacheza kwa grafiki za prosesa huku kadi imekaa ndani inapoza hewa.

Ukishaona 144 kwenye setingi, shika panya uzungushe mshale kwenye skrini tupu, utajua hapo hapo. Kila picha saa hii inakaa milisekunde 7 hivi badala ya karibu 17. GTX 1660 Super kwa Valorant itafika 144 bila jasho, kwa CS2 utashusha vivuli na vitu vingine kidogo. Kisha washa na FreeSync kwenye menyu ya monita kama ipo, kadi za NVIDIA kuanzia GTX 10 zinakubali tangu Januari 2019 ukiwa na DisplayPort, hapo hata fremu zikishuka mpaka 100 skrini inashuka nazo na picha haikatiki katikati. Ukishafanya yote haya na Valorant bado inakaa kwenye 90, usitazame kadi, tazama prosesa, kwa magemu haya mepesi mara nyingi yenyewe ndio inayochelewesha.

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mombasa, mambo haya siyaelewi lakini kijana wangu wa kidato cha tatu amenikalia kooni. Ana kompyuta aliyojengewa na binamu yake, haina kadi, na hucheza kwenye televisheni ya sebuleni, inchi 43, imeandikwa 4K. Mjomba wake yuko Muscat anakuja mwezi ujao na amesema atamletea kadi asizidi dola mia tatu. Kijana asema kadi ya dola mia tatu haitaweza 4K, kwamba ni lazima iwe ya dola elfu moja. Je, ni kweli au ananichezea shere? (Mama Watatu)

JIBU: Sijambo mama, na pole kwa kukaliwa kooni. Kijana hakudanganyi, ila kakupa nusu ya maneno.

4K ina vidoti 8,294,400, mara nne kamili ya 1080p. Kadi inavichora vyote hivyo kila fremu, ndio maana ile ya kumudu magemu mazito kwa 4K bei yake inakuwa ya kutisha. Nusu aliyoiacha ni kwamba hakuna aliyemlazimisha kucheza kwa 4K. Gemu lina setingi yake, anachagua 1080p, na kwa vile 4K ni mara nne kamili, kila kidoti cha gemu kinakaa kwenye vidoti vinne vya televisheni, viwili kwa viwili, hakuna kinachobaki nje. Kwenye inchi 43 akiwa amekaa kwenye kochi, si akiwa amebandika pua kwenye kioo, hatalalamika. Televisheni yenyewe pia, kama si ya bei kubwa, ni ya 60Hz hata kama boksi lina namba nyingine kubwa kubwa za matangazo, kwa hiyo anahitaji fremu 60 za 1080p, na hizo dola mia tatu zinatosha.

Mwambie mjomba aulize moja ya hizi: RTX 4060, ilitangazwa 2023 kwa dola 299, inakula wati 115 tu, au RTX 5060 iliyotoka Mei 2025 kwa bei hiyo hiyo ya dola 299, wati 145. Zote zina 8GB. Ikiwa anataka kubakisha hela ya zawadi za wengine, RX 6600 ya AMD ni ya 2021 lakini bado inafanya kazi hii ya 1080p vizuri, wati 132. Akiambiwa RX 6500 XT kwa sababu ni rahisi, asiichukue hata kwa bakshishi. Ina 4GB na inaongea na mazabodi kwa njia nne tu, ukiiweka kwenye mazabodi ya zamani kidogo inapungua nguvu vibaya.

Lakini kabla mjomba hajatoa senti, kijana afungue kompyuta, apige picha stika ya pawasaplai na picha ya nyaya zake, na apime kwa rula toka nyuma ya boksi hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele. Huyo binamu aliyejenga akumbuke pia mazabodi ni ya mwaka gani. Picha hizo zitumwe Muscat. Kurudisha kadi Muscat kwa sababu imegonga kwenye chuma cha diski ni safari ndefu mama. Na mjomba aulize dukani kama garantii inatambuliwa nje ya Oman, mara nyingi haivuki mpaka, kwa hiyo bora aijaribu huko huko kwa mtu mwenye kompyuta kabla hajapanda ndege, na aibebe mkononi, asiitie kwenye sanduku la chini.

Moja la mwisho na hili ni bure: kwenye televisheni kuna kitu kinaitwa Game Mode, kiwashwe. Bila hicho televisheni inakaa inaipamba picha kwanza ndipo inaionyesha, kijana anabonyeza shuti, mpira unatoka baadaye, kisha analaumu kadi.

SWALI: Mkuu nimejibana nimechukua monita ya 1440p, 165Hz. Sasa kadi, kuna jamaa ananiuzia RX 6700 XT mtumba, na dukani kuna RTX 4060 mpya kwa bei inayokaribiana. Nacheza Warzone na magemu ya stori. Pawasaplai yangu ni 650 ya maana. Naogopa hiyo ya mtumba isije ikawa ya mgodini. (Mzee wa Sakina, Arusha)

JIBU: Mkuu umechagua skrini ngumu kuliko unavyodhani. 1440p ni vidoti 3,686,400, si mara mbili ya 1080p, ila zidisha na 165 kwa sekunde uone. Hata kwa 144 tu ni zaidi ya vidoti milioni 530 kwa sekunde, wakati 4K ya 60Hz haifiki milioni 500. Yaani mwenye televisheni ya 4K sebuleni ana kadi inayohema kidogo kuliko yako wewe mwenye monita ya 1440p. Kwa hiyo 165 utaipata kwenye magemu mepesi, ya stori kaa kwenye 60 mpaka 90 na FreeSync imewashwa, utaridhika.

Mimi ningechukua 6700 XT. Najua ni mtumba na ya 2021 na najua kuna watakaonirushia mawe, lakini ina 12GB, 4060 ina 8GB na njia nyembamba ya memori, na kwa 1440p magemu mapya ukiweka picha za juu hizo 8 zinajaa, zikijaa unaona fremu ziko 70 sawa lakini kila ukigeuka kuna kigugumizi. Kwa nguvu ghafi pia 6700 XT inaipita. 4060 ina mambo yake: DLSS kweli ni safi kuliko FSR ya kadi hiyo ya AMD, inaweza kutengeneza fremu za katikati, na inakula nusu ya umeme, wati 115 kwa 230. Ukicheza saa nne kwa siku tofauti ni kama nusu uniti ya luku, mwezi mzima uniti 14 hivi, pima mwenyewe na mfuko wako. Pawasaplai ya 650 ndiyo AMD wanayoshauri kwa 6700 XT kwa hiyo hapo uko salama. Kama ungeniambia una 450 ya jina lisilojulikana ningekwambia chukua 4060 ulale.

Habari ya mgodini, yaani kadi zilizotumika kuchimba sarafu za mtandaoni. Ethereum, moja ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo kadi nyingi zilimwagwa sokoni, nyingine zikafika huku kwetu zimepanguswa zinang'aa. Kuchimba peke yake hakuui kadi, kinachoua ni joto la memori na feni kuzunguka usiku na mchana. Kwa hiyo usimuulize muuzaji, atakwambia alikuwa anacheza mwanae tu. Iulize kadi. Kabla haijawashwa zungusha kila feni kwa kidole, inatakiwa izunguke laini bila mkwaruzo wala kucheza cheza. Tazama skrubu za nyuma, zikiwa zimeliwa vichwa kuna mtu alishaingia, muulize alifuata nini. Angalia kati ya mapezi ya alumini na kando ya vile vipande vya mpira juu ya memori, ukikuta mafuta mafuta yametiririka ujue imepikwa sana, inataka kubadilishwa vipande hivyo. Halafu iwashwe, gemu zito au programu ya kuitesa iende dakika 20 wewe umesimama hapo, usikubali tano. Vidoti vya rangi, mistari, mraba mraba unaopepesa, rudisha hela mfukoni uondoke. Joto likikaa chini ya 80 na feni haipigi kelele kama ndege inaruka, lipa.

Na ikiwa unakaa pwani, wengine mnaosoma, ongezeni kuangalia kutu kwenye matundu ya HDMI. Chumvi ya hewa haina adabu.

SWALI: Kaka nimenunua GTX 1050 Ti mpya kabisa, bei chee, boksi halina jina la kampuni. Kompyuta inaitambua vizuri, imeandika GTX 1050 Ti 4GB. Lakini FC ya mpira haifunguki na GTA inaenda fremu 15. Draiva mpya, ile programu ya kuendesha kadi, inakataa. Ina matundu ya HDMI, DVI na VGA, nimechomeka VGA kwa sababu monita yangu ya zamani ina hilo tu. (Tanga)

JIBU: Umeshajijibu kwenye mstari wa mwisho kaka, pole. Kizazi hicho cha 1050 Ti hakitoi tena ishara ya VGA, NVIDIA waliiondoa. Kadi yenye tundu la VGA inayojiita 1050 Ti ni kadi ya zamani sana, mara nyingi GTS 450 au GTX 550 Ti ya miaka ya 2010 na 2011, mtu kaibadilishia programu ya ndani ijitaje kwa jina lingine, ndio maana Windows inakuitikia na draiva mpya inagoma. Pakua GPU-Z, programu ya kuichungulia kadi, ni ya bure na ndogo, tangu 2018 inazijua kadi hizi na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Piga picha ya hiyo, beba kadi na risiti, rudi leo usingoje wiki ijayo. Hata zile za kweli zina ujanja wake: GTX 1060 ya 3GB si ya 6GB iliyopunguzwa memori tu, kora zake ni 1152 badala ya 1280, na RX 580 nyingi tunazoletewa ni zile za kora 2048 badala ya 2304, kimsingi RX 570 iliyovaa suti. GPU-Z inakuonyesha namba hiyo kwenye mstari wa shaders.

Ukipata kadi halisi, monita yako usiitupe. Nunua adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, ile yenye kisakiti ndani, si waya mtupu, kadi ndio inaanza HDMI na monita ndio inamaliza VGA, maana adapta nyingine ni za kwenda upande wa pili na zinafanana kwa sura. Monita ya namna hiyo mara nyingi ni 1600 kwa 900 au 1366 kwa 768, vidoti vichache kuliko 1080p, kwa hiyo hata GTX 1050 Ti ya kweli itakimbia vizuri. Picha ikiwa na kivuli au imejaa rangi ya pinki, usinipigie, kaza zile skrubu mbili za kichwa cha VGA kwanza.